Rachel Mwanza, Mcheza Sinema Aliyeitwa Mchawi

Vijana wetu wa Kalemie wayajua majina ya wacheza sinema wa Marekani na wa Bara Hindi vizuri mno. Laiti wangaliyajua vivyo hivyo majina ya Mitume kumi na wawili! Silisemi hilo kwa kuwakaripia. Nalisema kwa kuwa katika majina hayo yote, jina la binti mmoja wa nchi yetu ni nadra kusikika, ingawa binti huyo alisimama Berlin mbele ya mataifa akapokea zawadi ambayo wacheza sinema wengi wa Ulaya huitamani maisha yao yote wasiipate. Jina lake ni Rachel Mwanza, mzaliwa wa Mbuji-Mayi. Kabla ya kuitwa mcheza sinema aliitwa mchawi, au mlozi kama tusemavyo huku kwetu, na waliomwita hivyo walikuwa watu wa nyumba yake.

Habari za utoto wake amezisimulia mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2014, alichokiandika pamoja na Mbépongo Dédy Bilamba. Alikuwa bado mdogo jamaa yake ilipoihama nchi ya Kasai kwenda Kinshasa kutafuta maisha. Huko nyumba ya wazazi ikavunjika, na mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake. Shida ilipozidi ikatafutwa sababu ya shida, na sababu ikaonekana kuwa ni yule mtoto. Basi akafukuzwa. Akawa mmoja wa watoto ambao wenyeji wa Kinshasa huwaita mashege, walalao sokoni na vibarazani, waombao na kuokota, wapigwao na kila mwenye nguvu. Picha ya sinema ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg, iitwayo Kinshasa Kids, iliyotoka mwaka 2012, yaonyesha watoto wa namna hiyo waliofukuzwa makwao kwa kisa cha uchawi, wakijaribu kuunda kikundi cha muziki. Rachel ni mmoja wa wale waonekanao humo.

Hapo msomaji wa Kalemie asiseme, «Hayo ni mambo ya Kinshasa.» Sisi walimu twayaona. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri anaanza kuja na uso uliovimba. Baada ya wiki mbili kiti chake ki tupu. Ukiuliza, wenzake wanatazamana, kisha mmoja anajibu kwa sauti ndogo kwamba ndugu zake wamempeleka kwenye chumba cha maombi, maana «ameonekana». Ameonekana na nani? Na nini kilichoonekana? Ukichunguza utakuta kwamba baba amepoteza kazi, au mtoto mchanga amekufa kwa malaria, au mama wa kambo ameingia nyumbani. Na mtoto mwenyewe aghalabu ni yatima, au ana kifafa, au hukojoa kitandani, au huota na kusema usiku, au ni mwerevu kupita kiasi cha umri wake. Tangu mwaka 2016, vita kati ya Watwa na Wabantu vilipovunja vijiji vya jimbo letu na maelfu ya watu wakakimbilia pembeni mwa mji huu, yatima wameongezeka na chakula kimepungua. Hapo neno lile hupata njia nyepesi ya kuingia. Mdomo mmoja umepunguzwa sahanini, na dhamiri ya wakubwa imetulizwa kwa maombi na mfungo wa siku tatu ambao mtoto ndiye hufungishwa!

Serikali yetu haikunyamaza juu ya jambo hilo, ingawa wengi hawajui. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza waziwazi kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo kwa mwenye kufanya hivyo. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa husafiri polepole kuliko garimoshi letu, na twajua garimoshi letu lilivyo.

Turudi kwa Rachel. Mnamo mwaka 2011 alifika Kinshasa Bwana Kim Nguyen, mwongozaji wa sinema kutoka Montréal katika Kanada, ambaye baba yake ni mtu wa Vietnam. Kwa muda wa miaka kama kumi alikuwa akiandika kisa cha mtoto aliyetekwa na waasi akafanywa askari. Fikira hiyo ilimjia aliposoma habari za mapacha wawili wa Burma ambao, wangali watoto, waliongoza kundi la wapiganaji waliowaamini kuwa wana nguvu za ajabu. Hakutaka kuwatumia wacheza sinema wenye jina. Alitafuta watoto ambao maisha yenyewe yamewafundisha, na katika wengi waliojaribiwa akamchagua binti huyu wa barabarani, mwenye umri wa miaka kama 14, ambaye masomo yake yalikuwa yamekatika zamani.

Namna walivyofanya kazi yastahili kuelezwa, maana watu hudhani kucheza sinema ni kujifunza maneno kwa moyo na kuyatamka kwa madaha. Kwa kawaida picha hupigwa vipande vipande bila utaratibu wa kisa: mwisho waweza kupigwa Jumatatu na mwanzo Ijumaa, kadiri mahali na gharama zinavyoamuru. Bwana Nguyen hakufanya hivyo. Alizipiga sehemu za kisa kwa kufuatana tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuwapa wachezaji kitabu kizima mapema. Rachel hakujua kesho itamletea nini Komona, yule binti anayemwigiza. Ndiyo sababu unapoutazama uso wake huoni mtu anayekumbuka alichoambiwa. Waona mtu anayengoja. Na kungoja jambo baya lisilojulikana, mtoto aliyelala barabarani alikuwa amekwisha kujifunza bila mwalimu.

Picha hiyo yaitwa Rebelle, maana yake mwasi. Kisa kiko katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ingawa Mkongomani ataitambua miti, mto, nguo na wimbo wa lugha, kwa kuwa wachezaji husema Kifaransa na Lingala. Komona ana miaka 12 waasi wanapoingia kijijini kwao kwa mitumbwi. Wanampa bunduki na kumwamuru awaue wazazi wake kwa mkono wake, ama sivyo watauawa mbele yake kwa mapanga. Nawaomba radhi akina mama kwa kuandika neno hilo katika gazeti la nyumbani, lakini picha yote imejengwa juu yake, nalo si la kubuniwa tu. Watoto wa mashariki ya nchi yetu wamelazimishwa mambo ya namna hiyo. Huko mwituni Komona anyweshwa utomvu wa mti fulani, naye aanza kuwaona wafu, weupe kama waliopakwa chokaa, wakimwonya wakati adui anapovizia. Kwa maonyo hayo aponyoka na mauti. Ndipo mkuu wa waasi, aitwaye Chui Mkubwa wa Kifalme, anapomtangaza kuwa mchawi wake wa vita, amkabidhi bunduki ya heshima na kumweka karibu naye.

Hebu msomaji asimame hapa kidogo. Neno lililomtoa Rachel nyumbani ndilo linalompandisha Komona kambini. Nyumbani mtoto huitwa mchawi ili afukuzwe; vitani huitwa mchawi ili atumiwe. Maana Chui yule hampendi Komona. Wachawi waliomtangulia amekwisha kuwaua, mara tu vita vilipomwendea vibaya. Pande zote mbili hakuna anayemwuliza mtoto mwenyewe yeye ni nani.

Yupo hata hivyo mmoja anayemwuliza, naye ni kijana zeruzeru aitwaye Mganga, anayeigizwa na Serge Kanyinda kwa ustadi mwingi. Kijana huyu ataka kumwoa. Komona akumbuka neno la baba yake, kwamba mwanamume akitaka kumwoa ni lazima amletee kwanza jogoo mweupe pe, jambo lililo gumu kuliko watu wanavyofikiri. Basi katikati ya vita vile twamwona kijana akienda kijiji hata kijiji, akiuliza habari za jogoo mweupe, na watu wakimcheka hadi machozi. Nathubutu kusema kwamba sehemu hii ndiyo iliyo bora katika picha yote. Wazee wetu wataielewa upesi kuliko Wazungu wa Berlin: binti aliyepoteza kila kitu angali ashika desturi moja ya baba yake, tena yeye ndiye aliyeshurutishwa kumwua. Kwa jogoo yule baba anaendelea kuwa baba.

Kinachofuata sitakisimulia kirefu. Vita vyawafikia tena, kijana auawa, Komona apelekwa kuwa mali ya kamanda, na tumboni mwake mna mtoto. Tangu mwanzo wa picha sauti tunayoisikia ni yake yeye, akimsimulia huyo mtoto aliye bado tumboni yale aliyoyatenda, akimwomba Mungu ampe nguvu ya kumpenda atakapozaliwa. Sauti hiyo hailii. Mchezaji mwingine angalilia, na watazamaji wangalilia pamoja naye, kisha wangalikwenda kula. Rachel asema maneno mazito kwa sauti ya mtu ahesabuye maji aliyoyateka. Mimi si mtaalamu wa sinema, ila nimewasikiliza watoto wengi waliotoka mwituni, nao husema hivyo hivyo.

Tarehe 18 Februari 2012, katika mashindano makubwa ya sinema ya mjini Berlin, baraza la waamuzi lililoongozwa na Mwingereza Mike Leigh lilimpa Rachel Mwanza Dubu wa Fedha, zawadi ya mchezaji wa kike aliye bora kupita wote. Mwezi Aprili mashindano ya Tribeca, New York, yakampa zawadi kama hiyo. Mwezi Machi mwaka 2013 Kanada nayo ikamtawaza mchezaji wa kike wa kwanza wa mwaka, na picha yenyewe ikazoa zawadi kumi siku hiyo. Kabla ya hapo, tarehe 24 Februari 2013, alikuwako Hollywood, kwa maana Rebelle ilikuwa mojawapo ya picha tano zilizoshindania Oscar ya picha za lugha za kigeni. Haikushinda, zawadi ilikwenda kwa Michael Haneke, kwa picha yake ya wazee wawili wanaokaribia kufa. Mshonaji wa mtaani angaliyatamani magauni ya usiku ule, nasi tuyaache huko huko.

Yako mambo mawili ya mwaka 2012 ambayo magazeti ya sinema hayakuyashughulikia sana, nami napenda yakumbukwe. La kwanza: huko Berlin huwako waamuzi wengine waliotumwa na Wakatoliki wa chama cha SIGNIS pamoja na Waprotestanti wa INTERFILM, nao waliitaja Rebelle kwa heshima ya pekee. Zawadi yao yenyewe waliwapa ndugu Taviani wa Italia, waliotengeneza picha ya wafungwa wa gereza la Roma wakiucheza mchezo wa Shakespeare. Mwaka ule, kumbe, wafungwa na mtoto wa barabarani ndio waliowafundisha mabwana na mabibi wa sinema. La pili: hazikupita wiki nne tangu Rachel aipokee zawadi yake, tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa mjini La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na aliyehukumiwa alikuwa Mkongomani, Thomas Lubanga, kwa kosa la kuwaandikisha na kuwatumia watoto wasiotimiza miaka 15 katika vita vya Ituri. Alipewa kifungo cha miaka 14. Kwa hiyo katika majuma machache ulimwengu uliyasikia mambo ya watoto wetu mara mbili, mara moja kwa vinywa vya majaji na mara moja kwa uso wa binti.

Sasa mzazi atauliza, na ni haki yake: je, zawadi hizo zilimpa chakula? Dubu wa Fedha haliwi. Lililomgeuzia Rachel maisha ni jambo dogo zaidi machoni pa watu, yaani watayarishaji wa picha, Pierre Even na Marie-Claude Poulin, kujitwika gharama za kumpatia makao na masomo kazi ilipokwisha. Wangaliweza kumlipa siku zake na kumrudisha sokoni alikotoka. Zipo picha nyingi zilizopigwa katika Afrika ambazo watoto wake walirudishwa hivyo, na mgeni akaenda zake na sifa. Baadaye Rachel alihamia Kanada. Mwaka 2018 alionekana tena katika picha ya Mbelgiji David Lambert, Troisièmes noces, pamoja na mchezaji mashuhuri Bouli Lanners. Humo ni binti Mkongomani aliyeko Ubelgiji, anayeingia katika ndoa ya makaratasi ili asifukuzwe nchini. Tangu zawadi ya Berlin kazi zake kubwa zahesabika kwa vidole. Nami nadhani si kwa kukosa kipawa. Wenye sinema wa Ulaya wakimtafuta mwanamke wa Afrika, aghalabu humtafuta akiwa mkimbizi, au mjakazi, au mjane wa vita. Na akina Rachel hungoja simu ambayo hailii mpaka vita vingine vitokee.

Mtu aweza kumlinganisha na Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyepokea Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza mtumwa Patsey katika picha ya Steve McQueen. Huyo alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake akiwa mtu wa elimu na baadaye waziri; akiwa na miaka 14 alikuwa amekwisha kumwigiza Juliet jukwaani Nairobi, kisha akasomea uigizaji katika chuo kikuu cha Yale. Njia yake ilikuwa na daraja kila mahali palipokuwa na mto. Sisemi hivyo ili kupunguza kazi yake, iliyo kubwa. Nasema ili wanafunzi wanaoniuliza, «Mwalimu, nami nifanyeje niwe kama hao?», wajue kwamba aliyekuwa na shule alizidi kupanda hata baada ya zawadi, na aliyenyimwa shule ilimpasa aanze kuitafuta baada ya zawadi.

Wako Wakristu wanaoamini kwamba binti akicheza sinema amekwisha kupotea. Kanisa halikusema hivyo. Papa Pius XII, katika barua yake Miranda prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957, aliziita sinema, redio na televisheni zawadi ambazo akili ya mwanadamu imezivumbua kwa msaada wa Mungu, akawataka Wakristu wazichunguze na kuzitumia vema. Katika Kasai hiyo hiyo ya Rachel, mnamo miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza picha za kuchekesha za Matamata na Pilipili, akiwatumia wachezaji Wakongomani. Wazee wengi walizitazama kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa uwanjani mwa misioni. Twaweza kuzikosoa picha zile, kwamba zilimfanya mtu mweusi awe wa kuchekwa daima. Walakini hakuna aliyesema kuwa Matamata amepotea kwa kuwa alisimama mbele ya kamera. Kwa nini basi tuseme hivyo kwa binti?

Kwa maparokia yatakayopenda kuionyesha Rebelle, haya ndiyo ninayoshauri. Picha yachukua saa moja na nusu. Si ya watoto; wasiotimiza miaka 16 wabaki nyumbani, na waliowahi kuwa mikononi mwa waasi wasilazimishwe kuitazama, wala wasitazame peke yao. Wakubwa ndio wanaohitaji kuiona, hasa wale ambao nyumbani mwao kuna mtoto anayelala jikoni siku hizi. Kwa kuwa watu wetu wengi hawafahamu Lingala wala Kifaransa, inafaa pawe na mfasiri anayesimama kando na kusema kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi katika sinema za misioni. Na yule mfasiri, Chui atakapomtangaza Komona, asilikwepe neno lile wala asilipambe. Aseme mlozi, kama lisemwavyo mitaani kwetu, kisha anyamaze kidogo kabla ya kuendelea.